Mwaka Niliochukua Madole Gumba

Mwezi uliopita tulimzika Karani Shaame wa baraza la mji, na siku ya khitma yake nilikaa chumba cha ndani na wanawake wenzangu, sinia moja na Riziki mke wa Hamad. Mimi na Riziki hatukuwa tumekaa sinia moja tangu ujana wetu. Wali ulikuwa mzuri, wa nazi, na mchuzi wa nguru, na mimi mtu akinipa nguru siulizi la pili. Tulikula mpaka katikati ya sinia, mara Riziki akasimamisha tonge karibu na mdomo, akaniambia kwa sauti ya chini kama mtu anayeomba chumvi: "Mkasi, nkuulize. Lile dole la siku ile, lilikuwa la nani?" Nikamtazama. Nikamwambia, "Riziki, wewe si ndiye mwenye nyumba? Mimi miaka yote hii najua kwamba unajua wewe." Akarudisha tonge siniani. Akasema, "Na mie miaka yote nasema ajuaye ni Mkasi. Ndiye aloushika nkono." Basi wali ule hatukuumaliza. Bibi mmoja wa kutoka Gando akatuuliza kama pilipili imezidi, tukamwambia ndiyo, imezidi.

Mji wenyewe siutaji. Wapemba wataujua, na asiyeujua hajapungukiwa na kitu. Mwaka wa dole hilo nilikuwa na miaka ishirini na tatu, nimeachwa na mume ambaye habari zake sitaki kuzieleza hapa maana zitakula daftari lote. Kusoma kwangu ni chuo cha Kurani na madarasa manne ya skuli. Lakini baraza la mji lilikuwa linatafuta mwanamke, na sababu yake ilikuwa hii: mtu akitaka kujenga nyumba, baraza lilimpa fomu ya majirani. Jirani wa kaskazini, wa kusini, wa mashariki, wa magharibi, kila mmoja aweke dole gumba kwamba anakubali. Sasa majirani wengine ni wanawake, na wanawake wa siku zile hawakumpa mkono mwanamume wa ofisini aushike na kuubingirisha juu ya wino. Faki, aliyekuwa akichukua madole ya wanaume, alikuwa akirudi na fomu zina nafasi wazi, na majalada yanalala. Karani Shaame ndiye aliyewaambia wajumbe waajiri mwanamke. Nikaajiriwa mimi, kwa kuwa nilikuwa nauza bajia mlangoni pa ofisi na Karani alikuwa mteja.

Alinifundisha kazi kwa siku moja. Kibati cha wino, kitambaa, chupa ya mafuta ya taa ya kufutia. Dole la kushoto. "Usigandamize," akaniambia, "ukigandamiza utapata doa. Libingirishe kutoka ukucha mpaka ukucha, kama unaviringisha sigara." Nikamwambia sijapata kuviringisha sigara. Akasema, "Basi kama kijiti cha udi." Kazi yenyewe niliipenda. Niliingia nyumba za watu mpaka vyumba vya ndani, nikanywa chai za watu, nikajua nani kitanda chake kina mguu mbovu na nani anaficha sukari. Na madole niliyazoea kama sura. Madole ya wanawake wa kwetu yamechakaa: ya kuchambua karafuu yana weusi usiotoka, ya kusuka ukindu yana mikato, ya kumenya muhogo yana kovu pembeni. Nikipewa karatasi niliweza kumwambia Karani mwenye dole hili kazi yake nini. Alikuwa akicheka na kunijaribu, na sikukosea sana.

Kamati ya ujenzi ilikaa kila Jumatano baada ya adhuhuri, chumba cha nyuma cha ofisi, chumba cha rangi ya kijani mpaka kiunoni na chokaa kwenda juu. Mimi nilikaa nje ya mlango kwenye benchi na birika la chai ya tangawizi, na mlango haukufungika vizuri, kwa hiyo yote niliyasikia. Watu wanadhani kamati inakata shauri kwa kusoma. Labda mahali pengine. Yetu ilikuwa ikihesabu madole. Mwenyekiti alikuwa akiinyanyua fomu kuelekea dirishani, anahesabu: moja, mbili, tatu, nne, kisha anaiweka kwenye moja ya mafungu matatu juu ya meza. Fungu la kulia linapita. Fungu la katikati linarudi kwa mwenyewe. Fungu la kushoto linalala, na likilala halikuamshwa na mtu, ila na panya. Maneno yao yalikuwa ya watu walioshiba. Siku moja ililetwa ramani ya choo, Mwenyekiti akaitazama sana, akasema, "Huyu anajenga choo au anajenga afisi ya wilaya?" Mzee Mbarouk, ambaye alikuwa akisinzia vikao vyote, akajibu bila kufumbua macho, "Mpitishieni. Ana wake watatu, watapangiana zamu." Wakacheka, likapita.

Halafu ikaja habari ya nyumba za mradi. Serikali itajenga majumba ya ghorofa nje ya mji, mahali panapoitwa Kwa Biti Msa, na baraza ndilo litakaloidhinisha. Kila mwenye shamba au nyumba pale aweke dole kwamba anakubali kuhama, na atakayekubali atapewa nyumba ya mradi, achague kwanza kabla ya watu wengine. Watu walikubali haraka kuliko nilivyotazamia. Umeme, maji ya bomba, nani akatae. Lakini palikuwa na jambo lililowakaa wajumbe kooni, nami nililisikia mlangoni Jumatano baada ya Jumatano. Biti Msa alikuwa mvyale wa mahali pale. Asiyejua mvyale ni nani, ni mtu wa ukoo wenye mahali, ndiye anayepaombea, na kwetu zamani huchimbi shimo wala hukati mti mpya mpaka mvyale aseme na wasioonekana halafu akwambie haya, chimba. Biti Msa alikufa zamani, kabla hata Mzee Mbarouk hajazaliwa, na hakuacha mrithi. Kwa hiyo hapakuwa na wa kuombwa. Afisa Ardhi, kijana kutoka Unguja, alicheka akasema kwenye fomu hapana nafasi ya mvyale. Mzee Mbarouk akafumbua macho siku hiyo. "Hapana nafasi," akasema, "lakini yeye yupo."

Ikabaki nyumba moja tu. Nyumba ya Bi Mize, iliyokaa pale pale barabara ya mradi ilipotakiwa kuingilia. Nyumba na kiwanja vilikuwa vyake mwenyewe, aliachiwa na mamake, wala si vya mumewe Mzee Ngwali. Bi Mize alikuwa amekwisha kusema hakubali, na alisema mbele ya sheha wa mtaa. Kisha Mzee Ngwali akafa, na Bi Mize akaingia eda. Eda ya kwao ilikuwa ya zamani: kizuka, ndiye mjane aliye edani, anakaa nyuma ya pazia, amejifunika nguo nyeusi, hasemi na mtu wa nje hata mwanamke mwenzake, akitaka kitu anagonga ukuta kwa kidole. Miezi minne na siku kumi. Siku chache baada ya kuingia eda, Hamad alikuja ofisini. Huyu alikuwa mtoto wa Mzee Ngwali kwa mke mwengine, anakaa nyumba ile ile na mkewe Riziki na mdogo wa Riziki, msichana anayeitwa Subira. Hamad akasema, "Mama amebadilisha nia. Amekubali. Tatizo yuko edani, hawezi kuja." Mwenyekiti akaniita. "Mkasi, nenda kamchukulie."

Nilikwenda alasiri. Mbingu ilikuwa imejaa mvua isiyonyesha, mwanga wa rangi ya majivu, na kuku wote wa Kwa Biti Msa walikuwa wamekwisha kuingia vibandani kana kwamba ni magharibi. Nilimkuta Riziki uani amekaa juu ya mbuzi anakuna nazi. Tulisalimiana, akaniambia nipite ndani, hakuinuka, na sauti ya mbuzi ile, kwaru kwaru, niliisikia muda wote niliokuwa ndani, haikukatika hata mara moja. Hilo nalisema kwa sababu baadaye lilikuwa na maana. Hamad alikaa barazani mbele. Nyumba ilikuwa na ukumbi mrefu, na chumba cha mwisho kina pazia jeusi la kaniki kutoka ukuta hadi ukuta. Chumba kilinuka udongo mbichi. Si udi, si mafuta ya nazi, ni udongo, kama shimo lililochimbwa saa ile. Nikakaa chini kwenye mkeka, nikafungua kibati.

"Masalkheri Bi Mize," nikasema. "Ni mimi Mkasi wa baraza. Pole na msiba. Nimekuja kwa ile fomu ya mradi. Hamad anasema umekubali. Kama umekubali, Bi, nipe mkono. Kama hukukubali, gonga ukuta tu, nitaondoka." Nilisema hivyo kwa kuwa Karani alinifundisha mtu aulizwe kwanza. Ukuta haukugongwa. Nilisikia kitambaa kinasogea, kisha mkono ukatoka chini ya pazia, umelala kiganja juu, taratibu. Wa kushoto. Sikuwa nimesema ni wa kushoto. Watu wote wengine niliowachukulia, kila mmoja alinipa wa kulia kwanza nikamrudisha.

Niliushika. Ulikuwa baridi, lakini baridi si kitu, mtu aliyetoka kuosha mchele mkono wake una baridi. Kilichonishtua ni uzito. Mkono wa mtu una uzito, hata wa mtoto, ukiunyanyua unajua una bega nyuma yake. Huu haukuwa na bega. Ulikuja kama nguo inavyokuja. Na ulikuwa na hina. Hina mbichi, nyekundu, vidole vyote mpaka fundo la pili na duara katikati ya kiganja. Sasa kila mwanamke anajua: kizuka hapaki hina. Hapaki wanja, hajitii manukato, hachani nywele mbele za watu. Nikaiona hina ile na nikajua huyu si Bi Mize. Nilijua hapo hapo, nimeshika mkono wa mtu nyuma ya pazia na nimejua si wake, na nilichofanya ni kulibingirisha lile dole kutoka ukucha mpaka ukucha kama nilivyofundishwa. Mara nyingi nimejiuliza kwa nini. Nadhani ilikuwa adabu. Pazia la eda halifunuliwi. Ningekuwa mwanamume ningelifunua, au ningekimbia. Mimi nikasema, "Ahsante Bi," nikaufuta mkono ule kwa kitambaa cha mafuta ya taa, kidole kwa kidole, ukarudi ndani kama ulivyotoka.

Wakati natoka kupitia uani, nikasikia maji yanamwagwa kwenye kitalu cha makuti wanachoogea, na mtu anakohoa humo, kikohozi cha mtu mzima. Nikamuuliza Riziki nani anaoga. Akasema, "Mtoto." Nyumba ile haikuwa na mtoto. Riziki akanipa kipande cha muhogo na papa kwenye jani la mgomba, nikala njiani, maana njaa haijui mambo. Ofisini nikampa Karani Shaame fomu. Aliitazama sana kuliko kawaida yake. "Mkasi," akasema, "mwenye dole hili kazi yake nini?" Nikalitazama. Lilikuwa limetoka safi kuliko dole lolote nililowahi kuchukua. Halina mkato, halina kovu, halina weusi. Mistari yake imezunguka kama maji yaliyotupiwa jiwe. Nikamwambia, "Hafanyi kazi." Karani akaifunga fomu ndani ya jalada, na Jumatano ile Mwenyekiti akahesabu dirishani, ikawekwa kulia.

Miezi ikapita, na mimi nikaendelea na kazi kama mtu aliyemeza kitu kigumu anayesubiri kione njia chenyewe. Wapimaji walikuja Kwa Biti Msa wakapiga vigingi, kimoja mbele ya mlango wa Bi Mize, na yeye yuko ndani ya pazia anasikia nyundo. Walisema wapimaji kwamba uzi wao ulikuwa ukikatika mahali pamoja kila mara. Hilo sikuliona, nimelisikia. Eda ikaisha. Kesho yake ilikuwa Jumatano, na nilikuwa nimekaa kwenye benchi langu na birika, nikamwona Bi Mize anaingia ofisini na buibui jipya, amekonda, macho yamezoea kiza anayafinya. Akanipita bila kuniamkia. Akausukuma mlango wa kamati, na hakuna mwanamke aliyewahi kuusukuma mlango ule isipokuwa mimi na chai.

"Asalaam alaykum," akasema. "Jana nimetoka edani. Leo naambiwa nyumba yangu nimeitoa."

Mwenyekiti akamkaribisha kiti. Akamtolea jalada, akamwonyesha. "Bi Mize, si hili dole lako? Edani ulikubali."

"Edani sikusema na ntu. Wala nkono wangu sikumpa ntu."

Akaomba wino. Nikaitwa na kibati changu. Nikamchukulia mwenyewe pale mezani, mkono wake mzito, mgumu, umejaa mikato ya ukindu, na nikaliweka dole lake pembeni ya lile la fomu. Afisa Ardhi alikuwa na kioo cha kukuzia. Hata bila kioo. Mtoto angeona. Mwenyekiti akasema aitwe Hamad na wanawake wote wa nyumba ile. Walikuja na gari ya baraza. Riziki akaweka dole, si lake, na sauti ya mbuzi yake ilikuwa imekwisha kuniambia hivyo. Subira akaweka, akauvuta mkono mara ya kwanza nikarudia, si lake. Hamad akaapa kwamba yeye alikaa barazani na hakuingia ndani. Nikamwona anatazama karatasi ile, na uso wake haukuwa uso wa mtu aliyeshikwa na uongo. Ulikuwa wa mtu aliyeuona uongo wake umesimama na kutembea wenyewe.

Hapa niweke aliyoniambia Riziki khitmani, ndipo pahali pake. Alisema walipanga. Saa ile ya alasiri Bi Mize apelekwe kuoga, na Subira akae nyuma ya pazia atoe mkono badala yake. Lakini Subira aliogopa, akatoka kwa mlango wa nyuma akakimbilia nyumba ya tatu, akajificha chini ya kitanda cha watu mpaka wakamvuta magharibi analia. Walidhani nimeondoka bila dole. Hamad alipoambiwa na baraza kwamba fomu imekamilika, akadhani Subira alitoa mkono kabla ya kukimbia, akamshukuru, Subira akasema yeye hakuwepo. Wakaulizana wao kwa wao, kisha wakaacha kuulizana. Nikamuuliza Riziki, Subira alipaka hina siku zile? Akasema, "Subira alikuwa kijana hajaolewa. Na nyumba ina msiba. Hina ya nani?"

Turudi chumba cha kamati. Mwenyekiti akanigeukia. "Mkasi, wewe ndiye uliyechukua. Ulimwona uso?" Nilijua nikisema ndiyo, Bi Mize amekwisha. Nikisema sikuona, mimi nimekwisha, kazi yangu imekwisha. Bi Mize alikuwa ananitazama sasa, macho yale yaliyofinywa. Nikasema kweli. Nikasema sikuona uso, niliona mkono tu. Nikasema mkono ulikuwa na hina na kizuka hapaki hina, na nilijua si wake, na nikanyamaza. Nikasema ulikuwa baridi na hauna uzito. Nikasema ulitoka wa kushoto bila kuambiwa, na chumba kilinuka udongo. Nilidhani namwokoa. Nilidhani kadiri ninavyoeleza zaidi ndivyo wataona kwamba fomu ile ni batili, waichane. Niliposema udongo, Mzee Mbarouk alikuwa amekwisha kusimama.

"Hina mpaka fundo la pili?" akaniuliza.

"Ndiyo, babu."

"Na duara kiganjani."

Sikuwa nimetaja duara. Nikasema ndiyo.

Akakaa. Akapangusa uso kwa kofia yake. "Mama yangu alikuwa akinieleza," akasema, "Biti Msa alizikwa na hina ya harusi. Alikufa siku ya tatu ya harusi yake." Chai ilikuwa ikipoa kwenye vikombe. Afisa Ardhi, yule kijana wa Unguja, akajaribu. "Wazee wangu, fomu inataka majirani. Huyu ni jirani wa upande gani?" Mzee Mbarouk akamjibu kwa upole kabisa, kama anayemfundisha mtoto kushika kijiko: "Jirani wa chini." Na nikaona kwenye nyuso zao, mmoja baada ya mmoja, kitu ambacho sikukitazamia. Hawakuogopa. Walipumua. Miezi yote ile walikuwa na donge kooni, wanajenga mahali pa mvyale bila ruhusa ya mvyale, na sasa ruhusa iko mezani, kwa wino wa baraza, dole safi kuliko yote. Mwenyekiti akasema, "Mwenye mahali mwenyewe amekubali. Sisi ni nani?"

"Na mie?" akauliza Bi Mize.

"Wewe ni jirani, Bi Mize," akasema Mwenyekiti, na alisema kwa heshima, hilo siwezi kumnyima. "Yeye ndiye mwenye mahali."

Bi Mize akasema, "Biti Msa hakuzaa, hakujenga, hakulala siku ya nne. Mie nimezika watoto wawili uani pale. Yeye anataka watu, yuko peke yake. Mie nina wangu." Hilo ndilo alilolisema, akafunika uso akatoka. Jalada likabaki kulia. Karani Shaame akaandika kwenye kitabu kwamba dole limehakikiwa, na mbele ya dole akaacha jina lile lile, Mize, maana kitabu hakikuwa na namna ya kuandika jina jengine. Mimi sikufukuzwa. Nadhani hawakuthubutu. Ila tangu siku ile wajumbe hawakupokea kikombe mkononi mwangu. Waliniambia niweke mezani, wakingoja mkono wangu uondoke ndipo wanachukua.

Siku ya mwisho nilitumwa kumpelekea Bi Mize karatasi ya kuhama. Kesho asubuhi watakuja wa kubomoa. Ilikuwa alasiri tena, lakini jua kali. Nilikuta vyombo vimefungwa nje, kitanda kimefunguliwa mbao, na Hamad amekaa ndani ya gari ya baraza upande wa pili wa njia na msimamizi wa mradi, wanasubiri. Bi Mize alikuwa ukumbini. Na ukuta wa ukumbi ule, wote, alikuwa ameupiga chokaa upya. Nyumba ya kubomolewa kesho. Chokaa haijakauka vizuri, mikono yake nyeupe mpaka viwiko. Nikadhani akili imemtoka.

"Una wino wako?" akaniuliza.

"Ninao, Bi."

"Ile fomu yenu ina pahala pa kukubali. Ina pahala pa shahidi. Pa kukataa pako wapi?"

Nikamwambia hapana. Na ilikuwa kweli. Nilikuwa nimezibeba fomu zile mwaka mzima na sikuwahi kuliona hilo. Aliyekataa aliacha nafasi wazi tu, na nafasi wazi ilisubiri mpaka ijazwe.

"Basi tutaandika hapa," akasema. Akanawa mikono. Akakaa chini mbele ya ukuta, nikakaa naye, nikamchukulia. Kidole kimoja kimoja, mikono yote miwili, kutoka ukucha mpaka ukucha, na kila kimoja akakipeleka mwenyewe ukutani akakibingirisha juu ya chokaa. Alianzia usawa wa mkeka akapanda mpaka pale mkono wake ulipofika akisimama, kutoka mlango wa mbele mpaka chumba cha mwisho. Hakulia. Alikuwa akizungumza mambo ya kawaida, kwamba ukindu umekuwa adimu, kwamba dada yake wa Gando, anakokwenda kukaa, nyumba yake ina joto. Mara moja tu alisita, mbele ya chumba cha pazia, akasema kuelekea ndani, si kwangu, "Haya, bi harusi. Mie naondoka. Utawapata wengi." Ukuta ukawa kama umeingiwa na wadudu weusi. Mpaka leo nikipita kwenye majengo yale, na watu wanaishi, wanaanika nguo, watoto wanapiga mpira, nauona ukuta ule mahali pasipo ukuta.

Alipomaliza akarudi mlangoni, akanionyesha mahali peupe alipopaacha makusudi, usawa wa macho, padogo, pa kidole kimoja.

"Hapa pa shahidi," akasema. "Weka lako."

Mimi nilikuwa nimechukua madole ya mji mzima na langu sikuwahi kuliweka popote. Nikatazama nje. Hamad alikuwa ameteremka garini, ameegemea mlango, anatuangalia. Msimamizi anatazama saa. Nilikuwa nimekwisha kusema kweli mara moja mwaka ule, na nilikuwa nimeona kweli yangu ilivyogeuzwa. Na nilikuwa na kazi. Kibati kilikuwa wazi mapajani pangu, jua la mlangoni linakipiga, wino umejaa, unameta.

Nikasema, "Bi Mize, wino umekwisha."

Akakitazama kibati. Akakitazama muda wa kutosha. Kisha akanishika kichwa kwa mkono wake mweusi, kama wanavyoshikwa watoto wanaosafiri.

"Haya, mwanangu," akasema. "Umekwisha."